Sahani Kubwa ya Mboga au Chapati Moja? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaopunguza Uzito

Tangu nipungue, maswali ni yaleyale: kwenye daladala, msibani, jikoni kwa watu tukimenya vitunguu. Wengi wanataka kujua kitu kimoja. Nijaze sahani kwa vitu visivyonenepesha, au nile ninachokipenda lakini kidogo? Mimi si daktari wala mtaalamu wa lishe. Ni mtu aliyepima chakula chake kwenye mizani ya jikoni kwa muda mrefu, hadi mama mkwe akaanza kuuliza kama naumwa. Majibu haya ni ya mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Kama una kisukari, ujauzito, kiungulia au vidonda vya tumbo, liko swali lako huko chini; anza na hilo.

Hizo njia mbili ni zipi hasa?

Ya kwanza ni kujaza sahani kwa vyakula vyenye maji na nyuzinyuzi nyingi, zile ambazo wataalamu wetu wa lishe huziita makapimlo: mchicha, matembele, kabichi, bamia, nyanya chungu, matango, tikiti maji, supu isiyoelea mafuta. Unakula hadi tumbo linajaa, kalori zinabaki chache. Ya pili ni kula chapati, pilau, maharage ya nazi, karanga, vile vitu vitamu vya kwetu, lakini unakata kiasi.

Tofauti inaonekana vizuri mkononi. Konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, ina kalori kama 170. (Nikiandika kalori namaanisha ile inayoandikwa kcal kwenye pakiti.) Ukizitafuta kalori 170 kwenye matango, utakula zaidi ya kilo moja. Kwenye tikiti maji ni zaidi ya nusu kilo, bila ganda. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga au protini ina 4, na maji hayana kitu. Kwa hiyo chakula kikiwa na maji mengi, kinajaza sahani bila kujaza hesabu. Kikinyonya mafuta, mambo yanageuka.

Ipi inapunguza uzito haraka?

Hakuna. Ukila kalori 1,500 za matembele na samaki au 1,500 za pilau, kwa upande wa mizani tofauti si kubwa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kalori kama 7,700. Ukipunguza 500 kwa siku, mwanzoni utashuka karibu nusu kilo kwa wiki, halafu kasi inapungua kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo. Zile kilo tatu ambazo mtu anatangaza baada ya wiki ya kwanza, sehemu kubwa ni maji. Asikuvunje moyo.

Tofauti halisi ni ipi utaiweza Jumatano saa tatu usiku umechoka, umeme umekatika na kwenye hotpoti kuna chapati nne.

Kwa nini tumbo likijaa nashiba hata kama kalori ni chache?

Kwa sababu tumbo lina namna yake ya kujua limetanuka, na linatuma habari kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu kabla chakula hakijasagwa vizuri. Baadaye utumbo nao unatoa homoni zake za kushibisha, na hizo zinaangalia zaidi kilichomo: protini, mafuta, wanga. Kwa hiyo kuna shibe mbili. Ya kwanza ni ya ukubwa, inakuja mapema na kuondoka mapema. Ya pili ni ya kilichomo ndani, inachelewa lakini inakaa.

Barbara Rolls, mtafiti wa lishe wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, amechunguza mambo haya ya shibe miaka mingi. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mama wa kwetu angelielewa. Wanawake walipewa chakula cha kutangulia, kuku na wali, kwa namna tatu: kikavu, kikavu pamoja na glasi ya maji pembeni, au vitu vilevile na maji yaleyale vikiwa vimepikwa pamoja kuwa supu. Walipokunywa supu, walipunguza kula kwenye mlo uliofuata. Glasi ya maji pembeni haikuleta tofauti hiyo.

Na mwaka 1995 huko Sydney, Australia, Susanna Holt na wenzake walipima vyakula 38 kwa kalori sawa kuona kipi kinashibisha zaidi, mkate mweupe ukiwa 100. Kiazi mviringo cha kuchemsha ndicho kilichoongoza: 323. Chipsi zilipata 116. Kiazi ni kilekile, ndugu yangu.

Kwa hiyo ninywe maji mengi kabla ya kula?

Kunywa, hayana madhara, na wengine yanawasaidia kidogo. Ila usitegemee maji yafanye kazi ya supu. Mtori mwepesi, supu ya samaki yenye ndimu, hata maji ya mboga yaliyokolezwa kitunguu saumu na pilipili manga, vinakaa tumboni kuliko glasi ya maji.

Nakula mboga tu, mchana na usiku, na mizani haisogei. Nimerogwa?

Hujarogwa. Nionyeshe chupa yako ya mafuta.

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu lake nalijua kwa uchungu. Miezi yangu ya mwanzo nilikula matembele kama sungura. Sahani imejaa, tumbo limejaa, na uzito uko palepale. Siku moja nikachukua kalamu ya maki nikaandika tarehe kwenye chupa mpya ya lita moja. Nyumbani tuko wanne. Chupa ikaisha siku ya sita. Lita moja ya mafuta ya kula ni kalori 8,000 na ushee. Gawanya kwa siku sita, gawanya kwa watu wanne: ni kama 340 kwa kila mtu kila siku, kabla hujahesabu ugali, samaki wala chai. Na wiki hiyo hatukukaanga andazi hata moja. Yote yaliingia kwenye mchicha, kwenye maharage na kwenye mchuzi, kwa kumimina. Unamimina, unasikia chaa, unaona sufuria kama kavu, unaongeza.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120 hivi. Sasa chukua gramu 200 za mchicha: peke yake haufiki 50. Uutie vijiko vitatu vya mafuta, umepata kama 410, na karibu asilimia tisini ya hizo ni mafuta. Machoni ni sahani kubwa ya mboga. Kwenye hesabu ni chakula kidogo kizito kilichovaa majani.

Usijidanganye na aina pia. Alizeti, mawese, zeituni, ya nazi: kwa afya ya moyo zinatofautiana, kwa kalori ni ndugu wa tumbo moja. Samli inakaribiana nazo.

Ninavyopika sasa: kitunguu na nyanya vinalainika kwa maji kidogo na chumvi, sufuria imefunikwa. Mafuta yanaingia mwishoni kwa kijiko, kimoja kwa sufuria nzima ya watu wanne. Halafu ndimu na pilipili. Siyaondoi kabisa, kwa sababu mwili unahitaji mafuta kidogo ili ufyonze ile vitamini A ya mboga za majani. Na kisamvu bila karanga au nazi siwezi kukiita kisamvu. Huwa natia vijiko viwili vya karanga iliyosagwa na mafuta situmii.

Kwa wapishi wa nazi: tui zito la kwanza lina kama kalori 500 kwa kikombe. Pikia tui la pili, lile jepesi, halafu malizia na vijiko vichache vya la kwanza. Harufu inabaki palepale, na walaji wa kwangu hawajagundua.

Nikila sahani kubwa ya kabichi, saa mbili baadaye nasikia njaa kama sijala. Nakosea wapi?

Umekula shibe ya kwanza, ya pili hukuiweka. Weka kitu chenye protini: mayai mawili, kipande cha samaki kinachotosha kiganja, kikombe cha maharage au kunde, dagaa. Sahani ya mboga isiyo na protini ni ya kukuvusha hadi saa kumi, si ya kukulaza usiku.

Dagaa nawapigia debe popote. Wakaange bila mafuta kwenye kikaango hadi wakauke, uwarudishe kwenye nyanya na kitunguu. Wengi wanawazamisha kwenye mafuta kwanza, na hapo tumerudi kwenye chupa ile.

Siwezi kuishi bila chapati. Niache kabisa?

Usiache. Mtu anayeapa kuacha chapati ndiye atakayekula nne siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani.

Chapati ya nyumbani yenye gramu 60 za unga na kijiko kimoja cha mafuta, ukijumlisha ya kukandia na ya kukaangia, ni kama kalori 330. Mbili na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari, umepita 700, na umemaliza kwa dakika saba. Chapati moja pamoja na bakuli la kunde na kachumbari yenye matango mengi ni chakula kamili. Hapo njia mbili zimekutana kwenye sahani moja: kile kidogo kizito kinakupa ladha, kile kikubwa chepesi kinakupa shibe. Mimi naona hapo ndipo mabishano yote yanapoishia, ila watu wanapenda kuchagua timu.

Kidogo kina adabu zake. Kitoe kwenye hotpoti, weka kwenye sahani, funika hotpoti na uirudishe jikoni. Kaa chini. Ukila umesimama unakata vipande vipande utakuta umekula mbili na hukumbuki ladha ya hata moja. Na anza na kachumbari.

Je, kuna watu ambao "kidogo" hakiwafai?

Wapo, na ni wengi. Kuna mtu ambaye korosho tano zinamfungulia mlango wa pakiti nzima. Si mlafi wala hana nia dhaifu, ndivyo alivyo kwa kitu hicho. Mtu huyo kwa kitu hicho asinunue pakiti kubwa, anunue ile ndogo ya barabarani iishie hapo. Mwingine akiona sahani kubwa ya majani anajisikia yuko adhabuni. Huyo vijiko vinne vya pilau halisi vinamtuliza kuliko bakuli la saladi. Jijue wewe ni wa wapi, na kwa chakula gani. Mimi kwa pilau ni wa kidogo. Kwa karanga za kukaanga siaminiki.

Karanga, korosho na parachichi si vyakula vya afya? Kwa nini vinaniongezea uzito?

Ni vya afya na vina kalori nyingi, yote mawili kwa pamoja. Parachichi kubwa la Mbeya likiwa na gramu 250 za nyama ni kalori 400. Kula robo, au nusu badala ya mafuta kwenye mlo huo. Neno lenyewe ni "badala ya". Wengi wetu tunaongeza parachichi juu ya wali ambao tayari ulipikwa kwa mafuta.

Tumbo linajaa gesi tangu nianze mboga nyingi. Niache?

Punguza kasi. Utumbo uliozoea wali na nyama ukipewa nusu kilo ya kabichi kwa siku utalalamika, na majirani watasikia. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, kunywa maji, loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake. Mboga zilizopikwa ni rafiki kuliko mbichi. Matango na bamia hazina fujo kama kabichi.

Je, tumbo halitapanuka nikizoea sahani kubwa?

Tumbo ni mfuko unaotanuka na kurudi kila siku, usiliogope. Ninachokiogopa mimi ni mazoea ya macho na mdomo. Nimewaona watu wanakula beseni la saladi, halafu tikiti zima, halafu lita ya maji ya ndimu, na bado wanawaza chakula. Hapo ukubwa umekuwa namna ya kuificha njaa ya kweli.

Kati ya mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha wanaume 36 waliojitolea chakula pungufu kwa miezi sita ili kujifunza njaa inavyofanya. Miongoni mwa mambo waliyoanza kuyafanya ni kuongeza maji kwenye chakula chao ili kionekane kingi, na kunywa kahawa na chai kupita kiasi. Ukijikuta umefika huko, tatizo si sahani. Umepunguza mno. Ongeza chakula.

Milo sita midogo kwa siku si inachochea mwili uchome mafuta?

Hapana. Jumla ya siku ndiyo inayohesabiwa. Kwa watu wengi ninaowajua milo sita midogo imekuwa milo sita ya kawaida.

Nakula kwa mama ntilie kila siku. Nafanyaje?

Mama ntilie ni mshirika wako ukimzoea. "Mama, wali nusu, mboga niwekee mara mbili, mchuzi pembeni." Akikuuliza kama pesa imepungua, cheka, lipa ileile. Wali mweupe wenyewe, gramu 400, ambazo ni ule mlima wa kawaida, ni kalori 500 na zaidi kabla ya mafuta yoyote. Nusu yake na mboga mara mbili ni mlo mkubwa bado. Mchuzi ukiwa pembeni unauchukua kwa kijiko kutoka chini. Yale mafuta mekundu yanayoelea juu yaachie bakuli. Samaki wa kuchoma kuliko wa kukaanga. Makande, kama hayajatiwa nazi wala mafuta mengi, ni chaguo zuri: yana maharage na yanakaa tumboni hadi jioni.

Chipsi mayai ni chakula kidogo kizito kilichojifanya kikubwa. Siku ukiitaka, mle nusu kwa nusu na mwenzako, na msiongezewe mafuta ya mwisho kwenye kikaango.

Ugenini na kwenye shughuli je? Nikila kidogo naambiwa najidai.

Hapa hakuna hesabu inayokusaidia, ni heshima tu. Mwenyeji hakutazami unakula gramu ngapi, anatazama kama mkono wako umesimama. Kwenye sinia kula polepole, ongea sana, chukua kachumbari na ndizi, sogeza nyama kwa watoto. Ukipakuliwa, sema mapema, "Mama, nipunguzie, nitaomba tena." Ukiacha chakula kwenye sahani utamuumiza kuliko ukiomba kidogo. Na kama ni pilau ya harusi ya ndugu yako, kula. Siku moja haijamnenepesha mtu.

Ramadhani nifuate ipi?

Saa ya kufuturu tumbo liko tupu na macho yana njaa kuliko tumbo. Fungua kwa tende na maji, kunywa bakuli la supu au uji mwepesi, nenda kaswali magharibi. Ukirudi, ile shibe ya kwanza imeshafika, na sasa viazi vya nazi, mbaazi na kaimati vinaweza kuliwa kidogo kwa akili. Wanaoanza na sambusa tano ndio wanaolalamika kwamba wamefunga mwezi mzima na wameongezeka. Daku iwe upande wa pili: protini na vitu vyenye nyuzinyuzi, maharage, mayai, viazi vitamu, kwa sababu unataka shibe inayokaa.

Nani asijaribu mambo haya bila kuongea na daktari?

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari, kwa mfano glibenclamide: ukipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Mwenye matatizo ya figo, maana mboga na matunda kwa wingi huongeza potasiamu. Mjamzito na anayenyonyesha wasifanye daieti ya kupungua kwa uamuzi wao wenyewe. Mwenye kiungulia mara nyingi huumizwa zaidi na mlo mkubwa, hasa usiku, hata ukiwa wa mboga; huyo kidogo kidogo ndiyo njia yake, na asilale mara tu baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo asianze kuruka milo kabla ya kupata ushauri. Na aliyewahi kujinyima chakula hadi kuugua, au kula kupita kiasi kisha kujitapisha, aiache mizani kwanza na atafute msaada.

Vinywaji viko upande gani?

Upande mbaya. Ni vikubwa machoni, vina kalori, na havishibishi. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya chai vya sukari, ni kalori 190 hivi, na hapo vijiko havijajaa mlima kama vyetu. Soda ya chupa moja inakaribia 150. Juisi ya embe ya nyumbani imebeba maembe mangapi? Kula embe lenyewe.

Na bisi?

Bisi zinachekesha. Kwa uzito wake ni kali, kama mahindi mengine makavu, lakini gramu 25 zinajaza bakuli kwa sababu nyingi ni hewa, na zina kama kalori 100 tu ukizipasua bila mafuta. Kwa jioni ya mpira hazina mpinzani. Zile za barabarani zenye sukari nyekundu sizihesabu hapa.

Wewe mwenyewe unakula vipi?

Asubuhi yai na kiazi kitamu. Mchana kidogo kizito, kwa sababu niko kazini na akili ina shughuli nyingine: wali mchache na maharage, au chapati moja na kunde. Usiku ndipo njaa yangu ilipo, hivyo usiku ni sahani kubwa: ugali unaotosha ngumi, matembele au mlenda mwingi, samaki au dagaa, chungwa. Ijumaa ni pilau, vijiko vinne vya kupakulia, kachumbari nusu sahani. Kijiko cha mafuta nimekifunga kwa uzi kwenye shingo ya chupa, maana watoto walikuwa wanakichukua kukorogea chai.